Leza Aliyoizima Daktari

Tarehe 30 Juni mwaka huu, fundi mkuu wa nyuzi za kioo katika kituo chetu cha darubini anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Wakurugenzi watano wamekuja na kuondoka, kuba imepakwa rangi upya zaidi ya mara moja, kantini imebadilisha wapishi nisioweza kuwakumbuka wote, na yeye ameendelea kuingia kwa mlango uleule wa chumba cha chini, akipangusa viatu kwa makini kabla ya kukanyaga sakafu. Wengi wenu hamlijui hata jina lake. Sote tunamwita Daktari, na yeye huitika.

Hana shahada ya uzamivu, wala hajawahi kumdunga mtu sindano. Jina lilitokana na waya. Kwa desturi yake, ambayo baadaye ikawa sheria ya chumba kile, anayetaka kushika ncha ya uzi wa kioo kwanza huchomoa waya wa umeme wa leza, ukutani na kwenye leza yenyewe, kisha hutembea nao. Hauachi mezani, hampi mwenzake. Yeye aliuvaa shingoni, na mara nyingi alisahau kuuvua, akapanga nao foleni ya chai. Siku moja mkaguzi wa hesabu aliyekuja kutukagua alimwona kwa mbali kantini, koti jeupe, waya mweusi shingoni, akamfuata hadi mezani akamweleza habari za goti lake tangu lilipoanza kuuma. Daktari alimsikiliza hadi mwisho. "Pole sana, baba," akamwambia. "Mimi natibu nyuzi tu. Lakini goti hilo lingekuwa langu, nisingelipandisha zile ngazi za kwenye kuba." Mkaguzi hakupanda kuba, ukaguzi ukaisha mapema, na jina likabaki.

Kwa miaka mingi nimecheka kisa hicho pamoja nanyi, nikijua peke yangu waya ule ulikotoka. Kila mfanyakazi mpya husimuliwa kwa nini Daktari alianza kuvaa waya ule: katika mwaka wake wa tisa kazini alisahau kuzima leza, akalipa kwa jicho lake la kulia. Hata yeye mwenyewe anaamini hivyo. Ndiyo sababu, mkuu wa sehemu alipomwomba aendelee kidogo baada ya kustaafu ili awafundishe mafundi wawili wapya, alikataa. "Mkono uliosahau mara moja haufundishi watu," alimjibu.

Mkono ule haukusahau. Leza aliizima. Mimi ndiye niliyeiwasha.

Nilikuwa bosi wake. Kamati ya jarida iliponiomba niandike wasifu huu, iliniomba kwa sababu hakuna aliyefanya kazi naye kwa muda mrefu kama mimi, na ikanipa ukurasa mmoja. Naomba radhi, nitauzidi. Madaktari wa kweli, wale wa hospitali, zamani walizungumza nami habari za mwezi ujao. Sasa wanazungumza nami habari za kesho asubuhi. Siogopi sana kufa. Kwa mtu wa umri wangu kifo ni jirani, mnasalimiana kila siku. Ninachoogopa ni kufa kabla ya kuandika aya zinazofuata. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sitaki kuumbuliwa nikiwa siwezi tena kumwambia pole.

Lakini tuanze alipoanzia yeye. Alitokea kampuni ya simu, ambako kazi yake ilikuwa kuunga nyaya za shaba kwenye masanduku ya kando ya barabara, jua likimchoma mgongo. Katika usaili nilimwuliza anajua nini kuhusu nyota. "Ziko juu, bosi," akasema. "Nyaya ziko chini. Mimi nimekuja kwa hizo za chini." Wenzangu wawili waliokuwa wakimsaili nami walicheka, nami nikaandika jina lake kwanza.

Siku yake ya kwanza uzi wa kioo ulimkatikia mkononi, na kipande chake, chembamba kuliko unywele, kikaingia kwenye kidole gumba. Tulikitafuta alasiri nzima kwa taa na utepe wa gundi. Alipokitoa alikiweka juu ya kitambaa cheusi akakiangalia, na pale hofu yake ya kwanza ilizaliwa, hofu nzuri ya fundi: kitu kisichoonekana kinaweza kutembea ndani ya mwili wako. Tangu siku hiyo hakuna aliyekula hata njugu moja katika chumba kile. Mkurugenzi wetu wa pili alifukuzwa humo na andazi lake mkononi, na akaondoka kwa adabu.

Kwa ndugu zetu wa uhasibu na usafirishaji, ambao kila mwaka huuliza chumba cha chini kinafanya nini na bajeti yote ile, nieleze kidogo. Ukiupasua mwanga wa jua katika rangi zake, rangi ya mwisho upande mmoja ni nyekundu. Hapo jicho husema basi, lakini mwanga wenyewe hausemi basi. Unaendelea. Hatua chache baada ya nyekundu upo mwanga tunaouita infraredi ya karibu. Ndio unaotoka kwenye rimoti yako kwenda kwenye televisheni. Ndio unaobeba simu zetu ndani ya nyaya za kioo zilizofukiwa chini ya barabara. Na ndio unaopenya mawingu ya vumbi ambamo nyota huzaliwa, mahali ambapo mwanga wa kawaida hukwama. Darubini yetu huukusanya. Daktari huupokea kwenye mdomo wa darubini, huuingiza katika nyuzi zake za kioo, na kuushusha ghorofa nne hadi kwenye pipa la chuma lililogandishwa, ambamo mtambo wa kuchambua mwanga hufanya kazi yake. Ndani ya uzi mwanga hautoroki. Kila ukigonga ukuta hurudishwa ndani, kama mtoto mtoro anayerudishwa darasani kila akifika getini.

Watoto wa shule waliokuja kututembelea walimpenda kuliko maprofesa wote. Aliwaelekezea rimoti ya televisheni, akabonyeza, akauliza, "Mnaona nini?" Hawakuona kitu. Akawaambia waiangalie kupitia kamera ya simu ya mwalimu wao, akabonyeza tena, na mle ndani ya kioo cha simu nukta nyeupe ikakonyeza. Hapo alibadilisha sauti akawa mwanga wenyewe: "Nilikuwepo muda wote. Ninyi ndio hamkuniona." Watoto walipiga mayowe. Mwaka mmoja mwalimu naye alipiga.

Fahari yake kubwa ni koni. Mwanga wa nyota hutufikia umevurugwa na hewa, umetapakaa, haukubali kuingia vizuri kwenye uzi mmoja mwembamba. Dawa yake ni kuzifunga nyuzi nyingi pamoja, kuzipasha moto na kuzivuta taratibu mpaka upande mmoja ziyeyukiane ziwe kitu kimoja, na upande wa pili zibaki nyingi: hiyo ndiyo koni. Mtetemo mdogo huharibu kazi ya wiki nzima. Alipokuwa akivuta, bango lilitundikwa mlangoni: USITEMBEE. Mkurugenzi wa tatu alilikuta ghafla akiwa katikati ya korido, kikombe mkononi, mguu mmoja mbele. Alisimama hivyohivyo kama korongo, chai ikapoa, hadi mlango ulipofunguliwa. "Imekubali?" akanong'ona. "Imekubali, bosi. Weka mguu chini."

Kwa koni ile, na kwa nyuzi zilizochorwa ndani yake alama ndogo za kuuzuia mng'ao wa hewa, yaani mwanga hafifu ambao hewa yenyewe huutoa usiku, tuliielekeza darubini kwenye wingu la vumbi ambalo katika picha zote za zamani ni shimo jeusi. Tulilikuta limejaa nyota changa. Daktari aliitazama picha kwenye skrini, kichwa kimeinama upande kama kawaida yake. "Kwa hiyo hapakuwa na giza," akasema. "Ni sisi tulikuwa hatuoni." Watu walipiga makofi. Mimi nilijifanya natafuta miwani yangu, kwa sababu kazi ile yote, kuanzia uzi wa kwanza hadi picha ile, aliifanya kwa jicho moja zima, na jingine nilikuwa nimelichukua mimi.

Sasa leza.

Mtambo wa kuchambua mwanga lazima usahihishwe, kama mshonaji anavyolinganisha utepe wake kabla ya kukata kitambaa cha mtu. Kwa hiyo kabla ya kazi tunapitisha kwenye nyuzi zilezile mwanga wa leza tunaoujua barabara. Leza yetu ya wakati ule ilitoa mwanga uliovuka nyekundu kidogo tu. Jua likikupiga machoni, kope hufumba zenyewe. Moto ukiukaribia, ngozi hukuonya. Mwanga huu haukuonyi. Kope hazijui kama umefika. Lenzi ya jicho huupokea kama mgeni wa heshima, huukusanya, huusindikiza hadi kwenye nukta moja nyuma ya jicho, ileile tunayosomea na kutambulia nyuso za watu, na nukta hiyo huungua bila maumivu. Mtu hutazama ncha ya uzi, huona nyeusi, husema hapa hamna kitu. Hilo ndilo kosa la watu wa kazi yetu: tunaliamini giza.

Ilikuwa alasiri. Chini, Daktari alikuwa akikagua ncha za nyuzi kwa hadubini ya mkononi, akitafuta vumbi. Alibonyeza kitufe cha leza, taa ya kijani ikazimika, akaanza kazi. Juu, katika chumba cha kuongozea, mimi nilikuwa mbele ya skrini. Leza ile iliweza kuwashwa kwa njia mbili: kwa kitufe chake kule chini, na kwa amri ya kompyuta huku juu. Nyota tuliyoitaka ilikuwa inazama mara tu baada ya jua, na usahihishaji ulikuwa bado. Skrini ikaniambia leza imezimwa. Utaratibu ulikuwa kupiga simu chini kwanza na kuuliza, "Kuna mtu kwenye uzi?" Simu ilikuwa karibu na kiwiko changu. Nilidhani amekwenda kunywa chai. Nikaiamuru iwake.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba kule juu nilikaa nikiangalia mistari mizuri ikijitokeza kwenye skrini, nikaridhika nayo. Baadaye alisema alisikia kitu kama kijiti kikavu kikivunjika ndani ya kichwa, akadhani ni hadubini. Mimi nilisikia nyayo zake ngazini, polepole, na kiganja kikipapasa ukuta. Akasimama mlangoni.

"Bosi," akasema, "hebu nigeukie. Mbona huna uso?"

Akaziba jicho moja, kisha jingine. "Kwa hili unao," akasema. "Kwa hili huna."

Nilijua papo hapo. Na kabla sijafungua mdomo akasema maneno ambayo nimeishi ndani yake tangu siku ile: "Nimesahau kuzima leza. Nimeangalia, taa ya kijani inawaka. Nilidhani nimezima, kumbe sikuzima."

Nafasi ya kusema ilikuwa pale. Ilikuwa na upana wa pumzi moja. Niliiacha ipite, na kila siku iliyofuata ilifunga mlango zaidi. Nikamshika mkono nikampeleka hospitali. Ndani ya gari aliniomba radhi kwa kuharibu kazi ya jioni ile. Aliniomba radhi mimi, nami nikamwambia asijali.

Kamati ya usalama ilipokaa ilimwuliza yeye, akajibu kama alivyoamini. Iliniuliza mimi, nikasema fundi ameshaeleza. Leza yenyewe haikuweka kumbukumbu yoyote ya nani aliiwasha. Kikao kiliisha kabla ya chakula cha mchana, na mwenyekiti akanipa pole kwa kupatwa na mkasa kama ule katika sehemu yangu.

Tangu hapo Daktari hakuiamini taa ya kijani, wala kitufe, na zaidi ya vyote hakuuamini mkono wake wa kulia. Ndipo ulipoanza waya wa shingoni. Ninyi mliuona kichekesho. Kwake ulikuwa ushahidi wa kushikika, kwamba maadamu naugusa hapa, kule hamna umeme. Uliwalinda wengi. Kwa mwoga huenda kicheko, walisema wahenga, na kwa shujaa huenda kilio. Tangu siku ile hakuna jicho jingine lililoungua katika chumba kile. Lakini hofu yake haikubaki kazini. Alipopewa nafasi ya kuongoza karakana nzima, aliomba apewe mtu mwingine. Hakujifunza kuendesha gari. Wajukuu wake walipokuwa wachanga hakukubali kuwaogesha. Alisema atayapima maji, atadhani yamepoa, kumbe hayajapoa.

Mumewe ni mshonaji wa nguo, mtu wa mzaha. Siku ya harusi ya binti yao alinivuta pembeni. "Shemeji," akaniambia, "mke wangu haliamini jiko. Tukifika kituo cha basi, anarudi nyumbani kuliangalia. Tukilala, anaamka. Sasa nimepata dawa: nalala na kichwa cha mtungi wa gesi chini ya mto. Akishtuka namwonyesha, hiki hapa mama, moto utatoka wapi? Ndipo analala." Alicheka mpaka akashika mbavu. Nami nikacheka, nikamwaga soda kwenye suruali.

Nilistaafu, nikaugua, na yeye hakunitupa. Kila Jumamosi huja kuniona, huniletea machungwa, hunimenyea, hunipa habari za kituo na kuwasema nyote mmoja mmoja. Kila Jumamosi nilikusudia kumwambia. Kila Jumamosi nilimwambia machungwa ni matamu.

Kilichonisukuma ni leza mpya. Mkuu wa sehemu alikuja kunijulia hali, akanieleza kwa furaha kwamba imefika, bado imo ndani ya makasha, ina nguvu mara nyingi kuliko ile ya zamani. "Na siku hizi mambo ni rahisi, Mzee wangu," akasema. "Mtu anaiwasha kwa simu akiwa kitandani kwake."

"Na aliye kwenye uzi?" nikamwuliza.

"Huyo atakuwa amefundishwa kuzima."

Nikaelewa kwamba sheria zote za usalama za kituo hiki zimejengwa juu ya kimya changu. Kwa kuwa tuliambiwa fundi alisahau, tunawafundisha walio chini kuzima. Hakuna anayewafundisha walio juu kuuliza. Nikifa nacho, siku moja mtu mwingine atapanda ngazi zile akipapasa ukuta, na bosi mwingine hatakuwa na uso.

Nikamwambia palepale, na kwamba nitaliandika kwenye wasifu. Akakunja na kukunjua kofia yake. "Mzee," akasema hatimaye, "wasifu huo utasomwa siku ya kumuaga, na watu wanakuja kula keki." Kisha akauliza, "Yeye anajua?"

"Hajui."

"Basi asije akalisikia kwenye kipaza sauti."

Alikuwa na haki. Kwa hiyo wasifu huu, kabla ya kufika kwenu, ulipelekwa mkononi mwake; haya yanayofuata nimeyaongeza baadaye. Mjukuu wangu ndiye aliyeuchapa nikimsomea. Alipofika kwenye chumba cha kuongozea vidole vyake vilisimama. "Babu, hili ni kweli?" Nikamwambia achape. Akachapa, lakini hakuniangalia tena mpaka mwisho. Mkuu wa sehemu akaubeba ndani ya bahasha. Ilikuwa Jumanne. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa wiki ile, na nimeshafanyiwa upasuaji mara tatu. Nilifikiri hatakuja kabisa. Kisha nikafikiri atakuja, na hilo likanitisha zaidi.

Alikuja Jumamosi kama kawaida, bila machungwa. Hakuvua koti la mvua. Akakaa, bahasha mapajani.

"Nilizima," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ulizima."

"Taa ya kijani ilizimika."

"Ilizimika, Daktari."

"Niliibonyeza kwa kidole hiki." Akakinyanyua, akakitazama kwa jicho lake zima kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama ndugu aliyeambiwa amekufa na sasa amesimama mlangoni. "Halafu nikakuomba radhi."

Akakishusha kidole, akanigeukia.

"Nawe ukaipokea."

Mjukuu wangu alitaka kutoka chumbani. Alimzuia kwa mkono, akamwomba kalamu. Akaipitia karatasi aya kwa aya. Akafika pale nilipokuwa nimeandika sentensi tatu kuhusu uchovu wangu wa wiki ile na jinsi mkurugenzi alivyokuwa akinisukuma. Akazikata zote tatu kwa mstari mmoja ulionyooka, mstari wa fundi. "Hizi ni zako," akasema. "Kaa nazo. Mengine yote wayachape yalivyo." Hakusema amenisamehe, wala sikuthubutu kumwuliza. Mlangoni alimgeukia mjukuu wangu. "Hakikisha babu yako anakula," akamwambia, akaenda.

Basi ikiwa mnausoma ukurasa huu, jueni kwamba yeye ndiye aliyeuruhusu.

Jumatatu mkuu wa sehemu alinipigia simu. Daktari alikuwa amemfuata ofisini asubuhi, akamwambia atawafundisha mafundi wale wawili, mwaka mzima, ila kwa masharti yake. Leza mpya haitatolewa kwenye kasha mpaka ile njia ya kuiwashia kwa simu iondolewe kabisa. Na somo la kwanza halitafanyika katika chumba cha chini. Litafanyika juu, kwenye chumba cha kuongozea, kwa wote wanaobonyeza, kuanzia mkurugenzi. "Nikamwambia mkurugenzi ana mikutano," mkuu wa sehemu akasema. "Akaniambia, na macho anayo?"

Kwa niaba ya wafanyakazi wa kituo hiki, waliopo na tuliotangulia kuondoka, namshukuru Daktari kwa nyuzi alizounga, kwa nyota alizotushushia, kwa macho yetu ambayo bado yapo kwa sababu yeye aliogopa kwa niaba yetu. Faili lake, nimehakikishiwa, linasahihishwa wiki hii, na jina langu litaandikwa pale lilipostahili kuwa tangu mwanzo.

Daktari, wenzako wanakutakia ustaafu mrefu, afya njema na nyumba yenye kicheko cha mumeo. Mimi sina haki ya kukutakia mengi. Nakutakia moja tu, kwa roho yangu yote na kwa pumzi iliyobaki: upatane na mkono wako wa kulia. Haukuwahi kukukosea.